Mwezi wa Kwanza Uraiani: Tiba ya Uraibu wa Heroini kwa Ndugu Anayetoka Gerezani

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya familia inayomsubiri ndugu aliyefungwa ambaye, kabla ya kifungo, alikuwa akitumia heroini. Mfungwa mwenyewe akilisoma tutafurahi, lakini tunajua kwamba anayetafuta maelezo mara nyingi ni mama, dada au mke, na swali lake ni moja: tumpeleke wapi? Ni swali la haki. Tatizo ni kwamba huulizwa kwa kuchelewa, pengine wiki ya tano baada ya ndugu kutoka, vyombo vya nyumbani vikiwa vimeanza kutoweka kimoja kimoja. Wakati huo kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote huwa kimekwisha kupita, na aliyeuliza ana bahati kwamba bado anaye mtu wa kumpeleka.

Amekaa ndani miaka miwili. Si amekwisha kupona?

Mtu anayetumia heroini kila siku huuzoesha mwili wake. Kiasi kilichomlewesha mwezi wa kwanza hakimtoshi mwezi wa sita, na mwishowe hufikia kutumia kipimo ambacho kingemuua jirani yake asiyetumia. Akiingia gerezani na kukaa bila dawa, au akiipata kwa nadra, mazoea hayo ya mwili hupotea. Hayahitaji miaka kupotea. Wiki chache hutosha. Kisichopotea ni kumbukumbu. Ubongo huendelea kukumbuka kijiwe, marafiki, ladha ya utulivu ule na, kwa bahati mbaya, kipimo kile cha zamani. Siku anapotoka na kukirudia, kumbukumbu ni ya mtumiaji mkongwe ilhali mwili ni wa mtu anayeanza. Heroini hupunguza kasi ya pumzi. Ikizidi, pumzi husimama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, nchini Marekani, kati ya mwaka 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya hatari ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Tunafahamu kwamba Washington si Tanzania. Dawa zinazouzwa huko hazifanani kwa kila hali na za kwetu, wala vifo havisajiliwi kwa namna moja. Hata hivyo, mwili wa binadamu unaosahau mazoea yake ni uleule, awe ametoka gereza la huko au la Ukonga.

Kwa hiyo neno "amepona" litumike kwa uangalifu. Aliyekaa gerezani bila dawa amepumzika kutumia, na hilo ni jambo jema kwake. Lakini kama hakupata tiba yoyote ya uraibu ndani, anatoka akiwa na uraibu uleule na kinga ndogo kuliko aliyokuwa nayo alipoingia.

Kinachookoa ni makabidhiano

Mwaka 2016 jimbo dogo la Rhode Island, huko huko Marekani, lilianza kutoa dawa za tiba ya uraibu, methadoni ikiwa miongoni mwake, kwa wafungwa waliozihitaji, na kuhakikisha kwamba anayetoka anapokelewa na kliniki ya uraiani bila dozi kukatika. Katika miezi sita ya mwanzo ya mwaka 2016, watu 179 walikuwa wamekufa kwa kuzidisha dawa jimboni humo, na 26 kati yao walikuwa wametoka kifungoni au mahabusu ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Katika miezi kama hiyo mwaka 2017, baada ya huduma kuanza, walikuwa 9 kati ya 157. Hesabu ni ndogo na jimbo ni dogo, hivyo hatudai kwamba kila mahali matokeo yatakuwa hayo. Tunachokichukua ni namna walivyofanya. Dawa walikuwa nayo wengi kabla yao. Wao waliifunga ile nafasi iliyo kati ya lango la gereza na mlango wa kliniki, nafasi ambayo mtu huianguka akiwa na nauli ya mara moja mfukoni na hajui pa kuanzia.

Msingi wa jambo hili umo pia katika kanuni za kimataifa. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu huduma kwa wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinaeleza katika Kanuni ya 24 kwamba huduma za afya gerezani ziendane na za uraiani ili matibabu yasikatike, yakiwemo ya VVU, kifua kikuu na uraibu wa dawa za kulevya. Familia inapomwomba mkuu wa gereza barua ya rufaa ya kwenda kliniki, haiombi upendeleo.

Methadoni: maswali yanayotusumbua zaidi

Nchini Tanzania tiba kuu ya uraibu wa heroini ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku kliniki, mbele ya mtoa huduma. Huduma hii ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Sasa inapatikana pia katika mikoa mingine, ikiwemo Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Arusha na Pwani, na Zanzibar ina kituo chake Kidongo Chekundu. Si kila mkoa una kituo, wala si kila gereza lina huduma hiyo. Ulizeni mapema.

Wazee wengi huuliza, na baadhi huuliza kwa hasira: je, hii si kumtoa kijana kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine? Methadoni ni ya jamii moja na heroini, hilo hatulifichi. Lakini heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Ndiyo maana mtumiaji hupatwa na arosto mara kadhaa kwa siku na kila mara hulazimika kutafuta fedha, kwa njia yoyote ile. Methadoni hupanda taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyepata kipimo kinachomfaa halewi wala hapati arosto, na anaweza kwenda kazini. Kuitegemea dawa hiyo ni kutegemea kweli, kama mgonjwa wa kisukari anavyotegemea sindano yake. Sisi tunaona kwamba familia inayomshinikiza ndugu aache methadoni upesi ili "awe safi kabisa" humrudisha hatarini kwa nia njema. Muda wa kuacha hupangwa na mtaalamu pamoja na mgonjwa, na kwa wengi huhesabiwa kwa miaka.

Kuna jambo ambalo anayetoka gerezani lazima alijue kabla ya kunywa dozi ya kwanza. Methadoni nayo huweza kuua mwili usioizoea. Kwa hiyo mgonjwa huanzishiwa kipimo kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30 siku ya kwanza, kisha huongezwa polepole kwa siku na wiki. Baadhi ya vijana, kwa kuogopa kukataliwa au kwa kutaka kipimo kikubwa, humwambia daktari kwamba wanatumia kila siku, kumbe wametoka ndani juzi. Uongo huo ni wa hatari sana. Aseme ukweli: alifungwa lini, ametoka lini, mara ya mwisho alitumia lini na kiasi gani. Mtaalamu ndiye atakayeamua kama methadoni inamfaa na aanzie wapi. Vivyo hivyo, aliyekosa kliniki siku tatu au zaidi asidhani atapewa kipimo alichoachia. Hupimwa upya na huweza kushushwa. Asikasirike, na ndugu wasimtetee kwa kugomba dirishani.

Jambo la pili ni dawa nyingine. Kifua kikuu huambukizwa kwa urahisi mahali penye msongamano, na wapo wanaotoka gerezani wakiwa katikati ya matibabu yake. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, huifanya methadoni iondoke mwilini kwa kasi. Mgonjwa aliyekuwa ametulia huanza kutokwa na jasho, mafua, maumivu ya viungo na kukosa usingizi, na hudhani kliniki imempunja. Mara nyingine huacha dawa za kifua kikuu, mara nyingine hurudi kijiweni. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi, huleta hali hiyo pia. Dawa ni rahisi: kila kliniki ijue dawa zote anazotumia, ili kipimo cha methadoni kirekebishwe. Na matibabu ya kifua kikuu yakimalizika, kliniki iambiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kipimo kilichopandishwa kwa ajili ya rifampisini huweza kuwa kikubwa mno rifampisini inapoondoka.

Huduma ya methadoni katika vituo vya serikali hutolewa bure. Nauli si bure. Kwa mtu asiye na kazi, nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huwa kikwazo kikubwa, na huanza kuonekana wiki ya tatu, msisimko wa kumpokea ndugu ukiwa umepoa. Kwa hiyo tunashauri jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii: kwa miezi ya mwanzo ndugu akae kwa jamaa anayeishi karibu na kliniki, hata kama nyumba ya jamaa huyo si kubwa na hata kama mama angependa mwanawe awe machoni pake. Ikiwa kwao ni mkoa usio na kituo, shauri hili liamuliwe na ukoo kabla hajatoka. Asipelekwe kijijini "akapumzike" huku wakidhani dawa zipo mjini tu.

Kuhesabu siku angali ndani

Tuchukue mfano wa kijana aliyehukumiwa miezi 18 kwa wizi wa simu. Mfungwa mwenye mwenendo mwema kwa kawaida hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, hivyo kijana huyu atarajiwe baada ya miezi 12. Familia ikifahamu hesabu hiyo ina tarehe ya kufanyia kazi. Miezi miwili kabla, ndugu mmoja aende kumtembelea na azungumze naye waziwazi. Lugha ya kumtuhumu haifai hapa. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, sikuulizi kama umeacha. Nataka tujue pamoja, siku ya kutoka utalala wapi na kesho yake asubuhi utakwenda kliniki ipi." Kisha aombwe afisa wa ustawi au mganga wa gereza aandike muhtasari wa matibabu aliyoyapata ndani na barua ya rufaa.

Ndugu huyo pia afike kliniki yenyewe kuuliza utaratibu wa kujiunga, maana vituo kwa kawaida humpokea mgonjwa mpya kupitia asasi za kijamii zinazofanya kazi vijiweni, baada ya vikao vya maandalizi. Waelimishaji rika wa asasi hizo, wengi wao wakiwa wamepitia uraibu wenyewe, ni watu wa kuwathamini. Humjua kijana kwa jina lake la kijiweni na humwona akiteleza kabla familia haijaona.

Hesabu hii huvunjwa na jambo moja la furaha, nalo ni msamaha wa Rais. Misamaha hiyo hutangazwa mara nyingi siku ya Muungano, 26 Aprili, au siku ya Uhuru, 9 Desemba, na mfungwa huweza kuwa nje mapema bila familia kujiandaa. Kwa hiyo, mwenye ndugu gerezani asisubiri mwezi wa mwisho. Ifikapo Machi na Novemba, namba ya kliniki na jina la mwelimishaji rika viwe vimeshaandikwa mahali panapoonekana nyumbani.

Nyumba za upataji nafuu

Wapo wasiopata methadoni, kwa umbali au kwa kuwa uraibu wao ni wa kokeini, bangi au pombe, ambazo methadoni haizitibu. Wapo pia wanaopendelea kukaa mahali pa kulala kwa miezi kadhaa, chini ya ratiba ya ushauri nasaha na mikutano ya wenzao. Nyumba za upataji nafuu huwahudumia watu hawa, na zilizo nzuri zimewasaidia wengi. Nyingi hutoza ada. Hapo ndipo familia huwa mteja, na mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa.

Ombeni kuona cheti cha usajili na leseni inayotumika. Mwenye nyumba aliyesajiliwa huionyesha bila kusitasita. Ulizeni anayepatwa na arosto kali, degedege au ugonjwa wa akili hupelekwa hospitali gani na nani humpeleka. Ulizeni kama ndugu yenu akiwa kwenye methadoni ataruhusiwa kuendelea nayo, maana baadhi ya nyumba hukataa, na kulazimishwa kuiacha ghafla ni kosa la kitabibu. Tembeleeni vyumba vya kulala. Mkiambiwa kwamba wageni hawaruhusiwi kufika huko kabisa, au kwamba familia haitaongea na ndugu kwa miezi, ondokeni. Kumfunga mtu minyororo, kumchapa, kumnyima chakula au kumfungia ndani bila hiari yake si tiba, hata ikiwa wazazi walitia sahihi. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia watu kwa lazima kwa jina la tiba ya uraibu vifungwe, na tunaunga mkono sababu zake.

Jihadharini zaidi na anayetangaza kwamba "husafisha mwili" kwa siku tatu au saba na kumaliza uraibu, awe na mitishamba, vidonge au maombi. Kuondoa dawa mwilini huwezekana kwa siku hizo. Lakini msomaji aliyetufuata toka mwanzo ataona lililofichika: mtu aliyesafishwa kisha akaachwa bila tiba ya kuendelea yuko katika hali ileile ya anayetoka gerezani, mwili umesahau na ubongo unakumbuka. Familia imelipa fedha ili kumweka katika wiki zake mbili za hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, siku anayotoka nyumba ya upataji nafuu ipangwe kwa uangalifu uleule wa siku ya kutoka kifungoni.

Akikutwa amezidiwa

Hatuhalalishi matumizi kwa kueleza haya. Tunaeleza kwa kuwa kuteleza hutokea, na aliyekufa hatibiwi. Aliyezidiwa na heroini haamki hata akitikiswa na kuitwa kwa nguvu. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Anapumua kwa nadra au anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida. Kwa ngozi nyeusi, angalieni fizi, ulimi na kucha: hugeuka rangi ya kijivu au samawati. Mkoromo huo ndio unaowadanganya wengi. Nyumba nzima husema mwacheni alale, na asubuhi hakuna wa kumwamsha.

Mpigieni kelele, mtikiseni, tumeni mtu atafute usafiri wa kwenda hospitali mara moja. Kama hapumui vizuri, mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua na mpulizieni pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, mpaka apumue au msaada ufike. Kama anapumua lakini haamki, mlazeni ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimchome chumvi wala kitu kingine chochote, na msimwache peke yake hata dakika moja. Mkifika hospitali semeni wazi kwamba ni heroini. Ipo dawa iitwayo nalokisoni inayoirudisha pumzi ndani ya dakika chache, na mhudumu asiyeambiwa huweza kupoteza muda akitafuta malaria. Nalokisoni huisha nguvu mapema kuliko dawa aliyotumia, hivyo mgonjwa akizinduka na kutaka kuondoka, mbembelezeni abaki chini ya uangalizi.

Hatari hii huongezeka maradufu heroini inapochanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, na inapotumiwa na mtu aliyejifungia chooni peke yake. Ndugu ajue kwamba familia inayajua haya. Wapo waliookolewa kwa sababu tu mlango haukufungwa kwa komeo.

Mkiwa na malalamiko

Kituo kikimkataa ndugu yenu bila maelezo, kikidai fedha kwa methadoni, au nyumba ya upataji nafuu ikimtesa au kukataa kurudisha ada kinyume cha makubaliano, toeni taarifa kwa simu ya bure namba 119. Tunahitaji jina la kituo na mahali kilipo, tarehe ya tukio, na kilichotokea kwa maneno yenu wenyewe. Stakabadhi, mkataba na picha husaidia, lakini kukosa stakabadhi kusiwazuie. Kwa nyumba nyingi, kutotoa stakabadhi ndilo kosa la kwanza. Anayetoa taarifa anaweza kuomba jina lake lisitajwe kwa kituo kinacholalamikiwa. Ikiwa ndugu bado yumo ndani na mnahofia usalama wake, semeni hivyo mwanzoni mwa simu, kabla ya maelezo mengine yote.